Tulivyowaambia Watoto Wetu Habari za Ujana

Katika mwambao wetu wa kusini, tokea Mikindani hata Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, mzazi hakuwa mtu wa kumwambia mwanawe habari za mwili wake, kwani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, nao waliheshimiwa kwa ujuzi wao. Msichana alipovunja ungo, mama hakusema naye. Alijitanda kanga akaenda kwa mama yake mzazi au kwa shangazi wa mtoto, akanong'ona, na tangu saa hiyo mambo yote yakawa mikononi mwa somo na kungwi, hata siku mwali alipotolewa nje kwa vigelegele, amevikwa nguo mpya. Mvulana naye aliingia kumbini pamoja na wenzake wa rika moja, akatahiriwa na ngariba, akakaa huko mpaka jeraha likapona, akarudi nyumbani na adabu mpya, na baba yake akatua moyo kwamba kijana ameambiwa yote ambayo mtu mzima hana budi kuyajua. Mimi niliyezaliwa na kulelewa Chuno, nikafundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na nikajaaliwa watoto na wajukuu papa hapa Mtwara, nimeuona mpango huo ukifaa watu, na nimeuona vilevile ukipungukiwa. Na haja yangu ni kueleza namna mimi na marehemu mume wangu tulivyoamua kusema na watoto wetu kwa vinywa vyetu wenyewe juu ya kujihifadhi, subira, na heshima baina ya mwanamume na mwanamke, bila kuwavunjia makungwi hadhi yao.

Wazee walikuwa na hekima kubwa katika kumpa mtoto mtu wa kando wa kusema naye. Mama ana hofu, na hofu humfanya akaripie kabla hajasikiliza. Bibi hofu hiyo imekwisha kumtoka, tena ana ruhusa ya utani. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akikaa Mikindani, aliniita mke mwenzangu, na jioni alipokuwa akisuka ukili barazani aliweza kuniuliza mambo ambayo mama yangu asingethubutu kuyataja: ni kijana gani aliyenisindikiza kutoka kisimani, ameniambia nini, nami nimemjibuje. Nilipomweleza hakushtuka wala hakuguta. Alivuta mwaa mwingine akauchomeka katika ukili, akasema, "Mke mwenzangu, anayekutaka kwa heri hakosi njia ya kuja mlangoni mchana. Huyu wa kisimani mwambie aje anisalimie mimi kwanza." Nilimpelekea kijana salamu zile kama nilivyotumwa. Hakuja kamwe, na baada ya hapo hakunisindikiza tena.

Unyagoni niliingizwa kwa utaratibu wa siku zile, na yaliyosemwa ndani sitayasema hapa, maana niliapa, na kiapo kile kina uzito wake. Yanayojulikana na kila aliyekulia kusini naweza kuyataja: tulifunzwa usafi wa hedhi, kupiga magoti tukisalimu wakubwa, kutoingia chumba cha wazazi bila hodi, kutunza siri za nyumba, na taratibu za kukaa na mume. Mafunzo hayo yalitufaa kwa sababu wengi wetu tuliolewa kabla kanga za unyago hazijachuja rangi. Baina ya kuvunja ungo na kuingia kwa mume palikuwa na misimu michache tu ya korosho, na muda huo mfupi mwali aliweza kulindwa na macho ya mtaa mzima. Siku hizi mambo yamegeuka pande zote mbili. Msichana anasoma mpaka kidato cha nne au cha sita, pengine mpaka chuo kikuu, na ndoa iko mbali. Ilhali umri wa kuingia unyagoni umeteremka, hata mimi nimepokea darasani watoto wa miaka minane na tisa waliotoka likizo ya Desemba wakiwa wamekwisha kuchezwa ngoma ya unyago. Sababu zake nazifahamu. Wazazi wanataka gharama za ndugu wawili watatu ziende pamoja katika mwaka ambao korosho zimepata bei. Wanachelea mtoto asije akakatizwa masomo karibu na mtihani wa darasa la saba. Na wengine huona aibu binti yao abaki peke yake mtaani ambaye hajachezwa. Umri umepunguzwa, walakini mafunzo ni yaleyale yaliyowekwa kwa ajili ya mwali aliye karibu kuolewa. Basi mtoto anafunzwa mambo ya nyumba atakayoingia baada ya miaka kumi na zaidi, na miaka hiyo yenyewe, ambayo ndani yake mna wanafunzi wenziwe, kijana wa jirani, simu, na njia ndefu ya kwenda shule, hapana aliyemwambia namna ya kuipita.

Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa na mwenzetu darasani, hodari wa hesabu kuliko wavulana wote, ambaye alitoweka shuleni kabla ya mtihani, na baada ya miezi tukasikia kwamba amejifungua. Utaratibu wa siku zile haukumpa njia ya kurudi. Aliyempa mimba aliendelea na biashara yake ya samaki kana kwamba hapana lililotokea, na mwenzetu yule, kila nilipokutana naye njiani na madaftari yangu ya ualimu kwapani, aliniuliza nafundisha hesabu zipi sasa. Nilipokuwa mwalimu niliona madawati mengine yakibaki na mtu mmoja kwa sababu hiyohiyo. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana mia wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni waja wazito. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 22. Nafuu ipo, na nyingine ni ya Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua anaweza kurudi shuleni, neema ambayo mwenzetu yule hakuipata. Sheria nayo imekaza: tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Walakini hakimu huitwa baada ya jambo kutokea, na kabla yake hapana mwenye nafasi ya kusema na mtoto kila siku isipokuwa aliye naye nyumbani.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini mchana, na baada ya sala ya Alasiri akisomesha watoto chuoni. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba nafasi ya kuanza mazungumzo haya tunayo siku zote. Katika Safinatun Najaa, kitabu kidogo cha fikihi ambacho watoto wengi wa Kiislamu wa pwani hukisoma, alama za kubaleghe zimetajwa mapema kabisa: kutimiza miaka kumi na mitano kwa mwanamume na mwanamke, kuota kwa wote wawili tokea miaka tisa, na hedhi kwa mwanamke tokea miaka tisa. Mtoto wa miaka kumi anazikariri kwa Kiarabu, sauti nzuri, kiwiliwili kikienda mbele na nyuma, kisha anarudi nyumbani na hapana amwulizaye amefahamu nini. Mume wangu alianza kuuliza. Jioni moja, kijana wetu wa kwanza alipokuwa akimjazia birika la kutawadha, alimwambia azisome zile alama tatu, naye akazisoma bila kukwama.

"Ya pili maana yake nini, mwanangu?"

"Sijui, Baba. Mwalimu anasema tutaijua tukikua."

"Mwalimu ni mimi, na leo nakwambia."

Akamwambia ni kitu gani, kwamba si ugonjwa wala si dhambi, namna mtu anavyooga janaba, na kwamba mwili kuwa tayari kwa jambo si hoja ya kuwa mwenye mwili naye yu tayari. Mazungumzo yote hayakuzidi muda wa birika kujaa na kumwagika. Kijana akapokea birika tupu akaenda zake, na mume wangu akasimama kuswali. Baada ya majuma kadhaa akauliza neno jingine, wakati wanatengeneza mshipi. Na baadaye jingine, wakiwa njiani kwenda Shangani ya hapa Mtwara. Kwa hiyo kijana hakuwahi kuketishwa mbele ya baba yake kwa hotuba, wala hakuweza kusema ni siku gani alipoambiwa. Aliambiwa kwa miaka.

Upande wangu niliyasema mengi wakati wa kubangua korosho. Atakayesoma habari hizi mbali na kusini huenda hajui kazi yenyewe ilivyo. Korosho humwagwa katika kipande cha bati juu ya moto uani, zikakorogwa kwa kijiti kirefu; ganda linatoa mafuta meusi yanayoruka na kuwaka, na moshi wake unawasha koo; zikishika moto vema humwagwa mchangani na kufukiwa ili zizimike. Kisha mnakaa chini na rundo katikati, mmejipaka majivu viganjani ili utomvu usiwaunguze, mnagonga moja moja kwa kijiwe, taratibu, maana ukigonga kwa pupa kiini kinapasuka na bei yake inashuka. Macho ya kila mmoja yako kwenye vidole vyake. Asiyetazama kazi anajiponda, na kwa sababu hiyo mama na binti wanaweza kukaa tangu Alasiri mpaka Magharibi, goti kwa goti, bila hata mara moja kutazamana usoni. Binti yangu mkubwa alikuwa amevunja ungo mwaka ule. Alibangua kitambo kirefu, kisha akasema:

"Mama, rafiki yangu ameulizwa na mtu kama anampenda. Ajibu nini?"

Sikuuliza rafiki gani. Kuna stara katika kumwachia mtoto rafiki huyo, na mama anayemvua stara hiyo kwa kusema "ni wewe" hataulizwa jambo la pili. Nikasema, "Mwambie rafiki yako kwamba swali hilo halina haraka. Mwenye nia njema atauliza tena mwakani, na mwaka wa pili."

"Amempa sabuni ya kunukia na kanga doti nzima."

"Kanga iko wapi?"

"Ameificha kwa mwenzake."

"Basi jibu analo, mwanangu. Kitu cha heri hakikosi mahali pa kuanikwa."

Akaendelea kugonga. Wakati ule wa mauzo ya korosho vijana wengi huwa na fedha mkononi, baiskeli mpya na mashati mapya, na uraka wa mabibo unanyweka kila pembe. Nilijua kwamba kanga ile haikuwa ya mwisho. Kwa hiyo sikuishia kwenye zawadi. Nilimwambia jambo ambalo naliona ndilo lenye uzito kuliko yote niliyowahi kuwaambia watoto wangu, ya kwamba matamanio hayo ni ya kweli na ni matamu, na Mungu ndiye aliyeyaumba; kwamba hapana mwanamke katika mtaa wetu, hata yule mcha Mungu kupita wote, ambaye hakuyapitia; na kwamba ni kwa sababu ya thamani yake ndipo dini na wazee wakayawekea mahali pake na wakati wake. Mama anayemfundisha bintiye kuwa jambo lile ni uchafu anamfanya aingie ndoani akiona aibu mbele ya mume wake halali, na asiyepata kuambiwa ukweli huo nyumbani atauamini siku atakapoambiwa na mwanamume wa kisimani, tena atamwona yeye ndiye mkweli na mama yake mwongo. Nikamwambia pia kwamba endapo atalazimishwa, au mguu wake ukiteleza, aje kwangu kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na neno la kwanza atakalolisikia kwangu halitakuwa la kukaripia. Ahadi hiyo alikuja kuidai. Mtu mzima mmoja mwenye duka alimshika mkono kwa nguvu alipotumwa mafuta ya taa, na kabla jua halijatua mimi nilikuwa ninajua, na baba yake alikuwa amekwisha kufika dukani pamoja na wazee wawili wa mtaa.

Binti huyo alipotimiza miaka kumi na sita ililetwa posa, ya mtu wa ukoo mwema na mwenye uwezo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na jamaa wengi walimshauri mume wangu asiiache heri ipite. (Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, zilitamka kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba, lakini hayo yalikuja baadaye sana.) Mume wangu alimwita binti, akamweleza posa, jina la kijana na umri wake, na mahari, akamwuliza naye anaonaje. Binti akasema anataka kumaliza shule. Wajumbe wakajibiwa kwa adabu na kurudishiwa barua yao. Nikayaona matunda ya mazungumzo yetu ya korosho, maana mtoto anayetakiwa kusema "sitaki" mbele ya kijana wa baiskeli sharti awe amepata kusema "sitaki" mbele ya baba yake, na neno lake likasikilizwa.

Kuhusu wavulana nina neno la ukali. Pwani yetu imemtwika msichana peke yake mzigo wa kujihifadhi, na mvulana akaachiwa, kwa hoja ya kwamba mwanamume haharibikiwi. Mume wangu hakuikubali hoja hiyo hata siku moja. Kijana wetu wa pili alipoanza kurudi usiku, baba yake hakumfungia mlango wala hakumwinulia fimbo. Alimkalisha mkekani akatandaza mbele yake karatasi yake ya mshahara, akampa kalamu, akamwambia aandike mchele wa mwezi, mafuta ya taa, sabuni, ada za shule, nauli, dawa, kisha aongeze nguo za mtoto mchanga na chakula cha mama aliyejifungua. Kijana aliandika mpaka fedha zikaisha na orodha haijaisha. "Ukiweza kuyalipa haya," baba yake akamwambia, "njoo tuzungumze habari za posa, nami nitakwenda na mashehe. Kabla ya hapo binti wa watu mwache asome." Akamwambia na jingine, ambalo yeye kama mwalimu wa fikihi alikuwa na haki ya kulisema: kwamba kunyamaza kwa mwanamwali kuhesabiwa ridhaa ni hukumu ya nikahi, mbele ya walii wake anapoulizwa juu ya ndoa, wala haichukuliki kupelekwa vichochoroni; msichana aliyenyamaza njiani hakukubali kitu, na aliyesema hapana amemaliza.

Wapo walionilaumu. Jirani mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba kumtajia mtoto mambo haya ni kumfumbua macho, tena si desturi yetu. La kufumbuliwa macho nilimjibu kwamba macho ya watoto wetu yamekwisha kufumbuliwa ngomani usiku, na kilichobaki ni nani atakayewaeleza walichokiona. La desturi nilimkumbusha kwamba Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mzima kwa kinywa chake mwenyewe, bila kungwi baina yao. Na kwamba Shaaban Robert alimwandikia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mtu anaweza asikubaliane na kila wasia uliomo humo, nami baadhi ya mambo ya Mwana Kupona nisingempa binti yangu leo, lakini hawezi kusema kwamba mzazi wa pwani hajapata kusema na mwanawe. Hata wenzetu Wakristo wa Masasi wanayo historia yao: Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, aliona afadhali jando liingizwe chini ya uangalizi wa kanisa, libaki na yaliyo mema yake, kuliko kupigwa marufuku likajificha msituni. Wapo waliomlaumu naye.

Sasa ni zamu ya wajukuu. Mkubwa yuko kidato cha pili, na mahali pa baiskeli pana bodaboda, mahali pa kanga pana chipsi na vocha, na barua iliyokuwa ikipita mikono mitatu kabla ya kufika sasa inaingia katika simu usiku wa manane bila kupiga hodi. Mama yake, ambaye ndiye binti yangu yule wa korosho, hakumnyang'anya simu. Amemwekea sharti kwamba ilale sebuleni, na ya kwake mwenyewe hulala hapohapo kando yake. Sharti hilo la pili ndilo lililomfanya mtoto alikubali lile la kwanza. Mazungumzo yao huyafanya jikoni wakikuna nazi, nami nikiwapo hunitoa kwa kunituma ukindu, jambo ambalo nalifurahia.

Mdogo ana miaka tisa, na mwaka huu amealikwa unyagoni pamoja na binamu zake. Tulikwenda kwa kungwi, mimi na binti yangu, tukampigia magoti kama inavyotupasa, maana ndiye aliyetucheza sote wawili na sasa ni mtu mzima sana. Tuliomba mambo matatu: kwamba mtoto angojee mpaka amalize darasa la saba, achezwe katika ile likizo ndefu ya baada ya mtihani, kwamba afunzwe usafi, adabu na kuutunza mwili wake, na mambo ya mume yawekwe mpaka wakati wa ndoa yake, kungwi aitwe tena kwa heshima zote na ada yake kamili, na kwamba mama aambiwe yaliyofunzwa, ili ayaendeleze nyumbani. Alitusikiliza mpaka mwisho akitafuna tambuu. La kwanza alilikubali papo hapo, akasema yeye mwenyewe anachoka kufundisha watoto wanaosinzia. La pili akasema linawezekana, kwani zamani mafunzo yalikuwa kwa daraja, na walioyakusanya pamoja ni watu wenye haraka ya kurudi shamba. La tatu hakulijibu. Alisema hilo si lake peke yake, ni la makungwi wote, nao watakutana baada ya mauzo ya korosho. Binti yangu amekwisha kuzungumza na mama wengine wanne wa mtaa wetu, nao wamesema siku hiyo watakwenda pamoja naye.